Namna ya Kumsaidia Mchina Kujenga Msamiati wa Kiingereza

Ukiishi kwenye chuo cha China utawazoea watu wa alfajiri. Kabla ya saa moja asubuhi wameshasimama chini ya miti, kila mmoja na kijitabu chake, wakitamka maneno ya Kiingereza kwa sauti mbele ya ukuta au ziwa. Nilipokuwa nasoma Wuhan nilipita katikati yao kila siku nikienda kutafuta uji. Shughuli hiyo wanaiita "bèi dāncí", kukariri maneno. Herufi ya "bèi" ndiyo hiyo hiyo ya mgongo, na wenyewe husimulia kwamba zamani mwanafunzi alikipa kitabu mgongo ndipo akaghani alichokihifadhi.

Baadaye wenye vijitabu vile walianza kunifuata: mwenzangu wa bweni, dada wa maabara, muuza matunda aliyetaka kumfundisha mwanawe. Wote walikuwa na ombi moja, niwaongezee maneno. Ilinichukua muda kuelewa kwamba maneno walikuwa nayo tele. Tatizo lilikuwa kwamba kila neno la Kiingereza limefungwa kamba na neno moja la Kichina, wala halitembei peke yake. Wachina wana jina la hali hiyo: "yǎba yīngyǔ", Kiingereza cha bubu. Mtu anasoma makala ngumu, lakini akiulizwa amekula nini mchana anakwama.

Kama una Mchina unayemsaidia, awe mwanafunzi mwenzako huko au mtu mnayefanya naye kazi huku kwetu, fuata hatua hizi. Na usidhani kwamba kwa kuwa Kiingereza si lugha ya mama yako huna cha kumpa. Kiswahili kinakupa njia ya kumwelewa ambayo Mwingereza hana, na nitaionyesha hapa chini.

Hatua ya kwanza: jua alichonacho

Usianze na orodha mpya. Mtu aliyepita sekondari ya China amesoma Kiingereza miaka mingi, maana kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu, gāokǎo, somo hilo lina alama 150 kati ya 750 katika sehemu kubwa ya nchi. Aliye chuoni anafikiria "sìjí", mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya nne ulioanza mwaka 1987, unaofanywa Juni na Desemba na kudai zaidi ya maneno 4,000. Huyo si mgeni wa maneno.

Chagua maneno 50 ya kawaida kabisa: "keep", "turn", "heavy", "borrow", "almost", "miss", "set". Usimuulize maana yake, maana hiyo ataitaja kwa Kichina kabla hujamaliza kusema. Mwambie atunge sentensi kuhusu siku yake ya jana. Kisha gawa maneno hayo mafungu matatu: aliyoyatumia vizuri, aliyoyatumia kwa namna ya Kichina, na aliyoyajua ila hakuweza kuyatumia. Kazi yenu ya miezi mitatu ya kwanza ni fungu la pili na la tatu. Maneno mageni kabisa yangojee.

Atakataa. Atasema haya ni ya watoto, na atakuonyesha kijitabu chake kinachoanza na "abandon", kwa sababu orodha nyingi zimepangwa kialfabeti na neno hilo ndilo la kwanza. Vizazi vizima vya wanafunzi wa China vinalijua "abandon" kuliko neno lolote, kwa kuwa kila wanapoanza upya wanaanzia hapo. Vumilia. Mwonyeshe kwa upole sentensi zake mwenyewe.

Hatua ya pili: fungua kamba

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo Mswahili ana faida.

Chukua kitenzi cha Kichina "dǎ". Maana yake ya msingi ni kupiga. Sasa sikia: "dǎ diànhuà" ni kupiga simu. "Dǎ pēntì" ni kupiga chafya. "Dǎ hāqian" ni kupiga miayo. "Dǎ zì" ni kupiga taipu. "Dǎ gōng" ni kupiga kazi, kibarua hasa. Radi nayo hupiga, "dǎ léi". Mara ya kwanza nilipoyaona haya yamepangwa kwenye daftari la mwenzangu nilicheka kwa furaha, kwa sababu ni kama mtu aliyeketi Mwanza na mwingine Wuhan walishauriana. Kiingereza hakimo kwenye makubaliano hayo: "make a call", "sneeze", "yawn", "type", "work". Mchina anayetafuta neno moja la kusimama mahali pa "dǎ" hatalipata, na wewe unajua ni kwa nini, kwa sababu hata "piga" halina.

Basi fanyeni hivi. Katikati ya ukurasa andikeni kitenzi kimoja cha Kichina. Kukizunguka, aandike matumizi yote anayoyakumbuka. Kando ya kila tumizi andikeni Kiingereza chake kikiwa kifungu kizima, siyo neno tupu. Anzeni na vitenzi vinavyosumbua zaidi.

"Kāi" ni kufungua mlango, lakini pia kuwasha taa, kuendesha gari, kufanya mkutano, ua kuchanua, na daktari kumwandikia mgonjwa dawa. Ndiyo maana utasikia "open the light". Kwenye ukurasa wa "kāi" yaandikwe "open the door", "turn on the light", "drive a car", "hold a meeting", "prescribe medicine".

"Kàn" ni kuona, kutazama na kusoma kwa pamoja. Kitabu hu-"kàn", televisheni hu-"kàn", daktari hu-"kàn". Kiingereza kinataka "read", "watch", "see".

"Jiè" ni kuazima pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Hata sisi tunasema "niazime baiskeli yako" na "nimeazima baiskeli kwa jirani" bila kubadili kitenzi. "Lend" na "borrow" zifundishwe kwa mikono: kitu kikitoka kwangu ni "lend", kikija kwangu ni "borrow". Mpe kalamu, ichukue tena, mkisema kwa sauti. Dakika tano zinatosha.

Dawa ni mfano ninaoupenda sana. Mchina anakula dawa, "chī yào". Sisi tunakunywa dawa, hata ikiwa kidonge. Mwingereza anai-"take". Mwambie hivyo, na ataona kwamba hakuna lugha yenye haki kuliko nyingine, kila moja imezoea yake. Hapo aibu yake inapungua, na aibu ni adui mkubwa wa msamiati kuliko usahaulifu.

Vivyo hivyo kwa majina na sifa zake. Mvua kwake ni "dà yǔ", mvua kubwa kama kwetu, lakini Kiingereza kinasema "heavy rain". Chai tunayoiita ya rangi, yeye anaiita nyekundu, "hóngchá", na Mwingereza anaiita nyeusi. Hayo hayakaririwi moja moja. Yaandikwe mawili mawili, kama viatu.

Hatua ya tatu: ndugu na namba

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke.

Kwenye ukoo, Kichina na Kiswahili vinaelewana kuliko vyote viwili na Kiingereza. "Jiùjiu" ni mjomba, "gūgu" ni shangazi, "bóbo" ni baba mkubwa na "shūshu" ni baba mdogo. Kichina kinatenganisha hata kaka na mdogo wa kiume, "gēge" na "dìdi". Mchina akisema "my uncle" anahisi kama amesema uongo nusu, maana hajaonyesha ni upande gani. Mfundishe kuongeza maelezo panapohitajika, "my mother's brother", "my older sister", na amwache Mwingereza na "uncle" lake panapokuwa si muhimu.

Namba zinawaumiza hata mabingwa. Kichina kina neno la elfu kumi, "wàn", na huhesabu kwa hilo: laki moja ni "wàn" kumi, milioni ni "wàn" mia. Kisha kuna "yì", milioni mia moja. Wakazi milioni 24 na ushei wa Shanghai kwake ni "wàn" 2,400 na ushei, na lazima ahamishe mkato kichwani wakati anazungumza. Kila mnapokutana, msomee namba kumi kubwa azitaje kwa Kiingereza bila kuandika. Tumia bei za nyumba, mishahara, idadi ya watu wa miji. Asifanye zaidi ya dakika tatu, lakini afanye kila mara.

Hatua ya nne: mpe vipande

Mtoto wa China hukua akijua kwamba maneno hujengwa kwa vipande. Umeme ni "diàn". Umeme na maneno ni "diànhuà", simu. Umeme na ubongo ni "diànnǎo", kompyuta. Umeme na kivuli ni "diànyǐng", filamu. Umeme na ngazi ni "diàntī", lifti. Hata ndani ya herufi kuna vipande: matone matatu ya maji upande wa kushoto humwambia msomaji kwamba neno linahusu mto, bahari, jasho au machozi. Vipande hivyo wanaviita "bùshǒu".

Kisha mtoto huyo huyo anapewa "television" akariri herufi kumi kama namba ya simu. Inanisikitisha, kwa sababu kipaji kile kile kinachomwezesha kusoma Kichina kingemfaa hapa. Mwambie kwamba Kiingereza nacho kina "bùshǒu" wake, wengi kutoka Kigiriki na Kilatini. "Tele" ni mbali, "phone" ni sauti, "vision" ni kuona, "scope" ni kutazama. Televisheni kwa Kichina ni "diànshì", na "shì" ni kuona, sawasawa na "vision". Darubini wao huiita kioo cha kutazama mbali, na ndivyo "telescope" inavyosema.

Andaeni karatasi ya viungo vinavyolingana. Kipande "yán", uvimbe wa ugonjwa, hulingana na "-itis": "gānyán" ni ini na uvimbe, "hepatitis", "wèiyán" ni tumbo, "gastritis", "guānjiéyán" ni viungo, "arthritis". Kipande "xué", elimu, mara nyingi hulingana na "-logy", kama "shēngwùxué" na "biology". "Huà" ya kugeuza kitu kiwe namna fulani hulingana na "-ize": "xiàndàihuà", "modernize". Mwanafunzi wa udaktari niliyemwonyesha "yán" na "-itis" alijaza ukurasa mzima jioni ile ile, peke yake, bila kijitabu.

Lakini umwonye kwamba Kiingereza hakina nidhamu ya Kichina. Kwake nyama ya nguruwe ni nguruwe na nyama, "zhūròu", na ya ng'ombe ni "niúròu", kama tunavyosema sisi. Kiingereza kina "pig" na "pork", "cow" na "beef", "sheep" na "mutton", kwa sababu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi, na ya nyama yakabaki mezani. Ndivyo ilivyo pia kwa "tooth" na "dental", "moon" na "lunar", ambapo sifa imetoka Kilatini na jina limebaki la kwao. Hayo yafungwe pamoja kwenye kadi moja, jina na sifa yake, ama sivyo yatamfikia kama wageni wawili wasiojuana. Siku za wiki nazo hazina vipande vya kumfaa: yeye anahesabu "xīngqīyī", siku ya kwanza ya wiki, kama sisi na Jumamosi yetu. Hizo akariri tu, hakuna njia.

Hatua ya tano: neno liingie kwa sikio

Silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu au kwa "n" na "ng", basi. Neno la kigeni likiingia linalainishwa: kahawa ikawa "kāfēi", sofa ikawa "shāfā", chokoleti ikawa "qiǎokèlì". Sisi tuliofanya "benki" na "skuli" tunaijua tabia hiyo. Kwa hiyo atasema "good" na irabu mkiani, au atameza konsonanti ya mwisho isisikike. Mpe jozi za kutofautisha: "bad" na "bat", "cap" na "cab". Wewe sema, yeye aonyeshe kwa kidole. Kisha mbadilishane.

Sauti ya "th" ni zawadi yako kwake. Kichina hakina, naye huweka "s" au "z" mahali pake. Wewe unayo kwenye thelathini na dhahabu, basi mwonyeshe ulimi ulipo. Na kama anatoka Sichuan, Hunan au Wuhan kwenyewe, sikiliza "n" na "l" zake, maana lahaja nyingi za huko huzichanganya, na "night" ikawa "light".

Kuna ujanja mmoja wa kukariri unaopendwa mno China: kuliandika neno la Kiingereza kwa sauti za Kichina zenye maana. "Pest" huwa "pāi sǐ tā", lipige life. "Ambulance" huwa "ǎn bù néng sǐ", mimi siwezi kufa. "Economy" huwa "yīkào nóngmín", kuwategemea wakulima. Ni werevu wa kweli, na maana haisahauliki. Ila matamshi yanaharibika, na nimekutana na watu waliokuwa wakisema "economy" nisitambue ni neno gani. Msimamo wangu ni huu: aruhusiwe kwa maneno machache sugu, na siku hiyo hiyo alisikie neno halisi mara kumi na kulitamka mara kumi, silabi yenye mkazo ikiwa imepigiwa mstari.

Hatua ya sita: kurudia kwa mpango

Maneno kumi kwa siku. Si hamsini, si mia. Atakuambia rafiki yake anakariri mia, na huenda ni kweli, kwa siku mbili. Programu maarufu ya simu huko inaitwa Baicizhan, jina ambalo maana yake ni kama kuyafyeka maneno mia, nayo inaeleza vizuri hamu ya watu. Asiifute programu yake kama anaipenda. Jambo moja tu: kwa kila neno inalomwonyesha, aandike sentensi yake mwenyewe kwenye daftari, yenye mtu anayemjua na mahali anapopajua.

Kuhusu kurudia, Wachina wengi wamemsikia Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyopungua haraka mwanzoni. Mpango unaofuata wazo hilo ni rahisi: rudia kesho, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya thelathini. Siku za kwanza aanze na Kiingereza akumbuke maana. Kuanzia siku ya saba ageuze: afunike Kiingereza, asome tukio kwa Kichina, "nimechelewa basi likaniacha", naye aseme kwa Kiingereza. Hapo ndipo "miss the bus" litakapokuwa lake.

Hatua ya saba: bubu aseme

Vyuo vingi vya China vina "yīngyǔjiǎo", kona ya Kiingereza, ambako watu hukutana jioni kuzungumza. Mpeleke, lakini siyo wiki ya kwanza. Mgeni kule ataulizwa maswali yale yale matatu, naye atajibu kwa sentensi zile zile alizokariri. Aende akiwa na maneno matano ya wiki mfukoni, na lengo la kutumia yote kabla ya kurudi bwenini.

Usiku atume ujumbe wa sauti kwa WeChat. Ujumbe mmoja hauzidi sekunde 60, na hicho ndicho kipimo kizuri: dakika moja kuhusu siku yake, bila kusoma popote. Wewe mjibu kwa sauti, ukirudia alichokosea kikiwa kimekaa sawa, bila kusema kwamba umesahihisha. Akisema "I ate medicine", wewe uliza, "Oh, you took medicine? Are you better?" Atasikia. Mbele za watu usimsahihishe kamwe. Heshima ya uso, "miànzi", ina uzito mkubwa kwake, na mtu aliyeaibishwa mara moja mbele ya wenzake anaweza kunyamaza mwezi mzima. Ukumbuke kwamba anakuita "lǎoshī", mwalimu, hata kama mmelingana umri. Jina hilo analitoa kwa dhati, nawe ulibebe hivyo.

Akikwama katikati ya sentensi atafungua kamusi ya simu. Mzuie kwa sekunde kumi tu. Mfundishe vifungu vitatu vya kujikwamua: "it's a thing for...", "it's like a...", "it's the opposite of...". Kopo, mwavuli, mfereji wa maji, chochote kinaweza kuelezwa kwa hivyo.

Mwisho wa mwezi kaeni na daftari. Apige mstari kwenye kila neno alilolitumia mwenyewe mara tatu, kwa mdomo, bila kuliandaa. Yasiyopigwa mstari yarudi kwenye kadi za mwezi unaofuata, na kama yamebaki mengi, punguzeni ya kila siku yawe saba.